Uzinduzi wa Waya

Ipo nchi moja. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake imeshachapwa lakini haijazinduliwa, na katika nchi hiyo kitu ambacho hakijazinduliwa hakipo.

Kisima cha Kata ya Chini kilijaa maji safi tangu kabla ya masika. Wanawake walikipita na ndoo zao kwenda kuchota kwenye dimbwi la ng'ombe, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa ng'ambo akijifunza habari za visima. Wodi ya wazazi ilipakwa rangi, ikawekwa vitanda na mapazia ya maua, ikatiwa kufuli. Kina mama wakajifungulia kwenye korido, migongo yao imeegemea mlango wake. Hakuna aliyelalamika. Watu wa nchi hiyo ni wapole, na wasio wapole huwa hawakai sana.

Kwa ajili ya kazi hiyo kubwa ya kuzindua, Serikali iliunda Idara ya Mikasi, yenye mkurugenzi, manaibu, na gari la kubebea mto wa kulazia mkasi. Kanuni yake ya kwanza ilichongwa kwenye kibao cha shaba: Chochote kilichokingama mbele ya Mgeni Rasmi kikatwe. Kanuni hiyo ilitungwa baada ya waziri mmoja wa zamani kujikwaa kwenye utepe ambao hakuna aliyemwambia aukate, akaangukia keki. Wapambe wake walistaafishwa wote kwa manufaa ya umma, na keki ikaundiwa tume.

*

Asteria Lubango alikuwa mwalimu wa kompyuta katika Sekondari ya Wasichana ya Mirefuni. Alikuwa na sauti ndogo, na kwenye vikao vya walimu aliomba radhi kabla hajasema neno, na mara nyingi aliishia kwenye radhi. Lakini mbele ya wasichana wake wa kidato cha nne sauti ilimtoka yenyewe.

Shule ilikuwa na kompyuta ila haikuwa na mtandao, kwa hiyo alifundisha kwa uzi na makelele. Aliwapa wasichana wawili uzi na makopo ya maziwa kila mmoja mwisho wake, wakanong'onezana toka ukuta hadi ukuta. Kisha akawaambia wengine wapelekeane habari kwa kupiga kelele tu, wote kwa pamoja. Darasa likawa kama mnada wa mbuzi.

"Mmeona?" akasema walipotulia. "Aliyeshika uzi ameusikia ujumbe wake wote, na jirani hakuuiba. Lakini hawezi kwenda popote, amefungwa pale kwenye kopo. Aliyepiga kelele anatembea atakako, ila mkizidi wengi mnazibana, ukuta unameza sauti, na mwenye masikio yoyote anakusikia."

Msichana mrefu aliyeitwa Tunu, ambaye maswali yake yalikuwa yanamfanya Mkuu wa Shule abadilishe njia anapomwona, alisimama.

"Sasa Madam, upi ni bora? Wa waya au usio na waya?"

"Inategemea."

"Inategemea nini tena?"

"Inategemea unataka kufanya nini na uko wapi. Ukitaka kasi na usalama, na umekaa mahali pamoja, vuta waya. Ukiwa mtu wa kuzunguka, au nyumba haifai kutobolewa, tumia usio na waya. Na msisahau, hata huo usio na waya, kile kisanduku chake kwa kawaida kinavutiwa waya toka mahali fulani. Hewa haitengenezi mtandao."

Wasichana wakaandika. Lilikuwa jibu dogo la haki, na katika nchi hiyo majibu ya namna hiyo yalikuwa hatari kuliko petroli.

*

Mwaka huo Baraza la Mitihani lilitangaza kwamba mtihani wa kompyuta utafanyika kwenye kompyuta zenyewe, na majibu yatasafiri kwa mtandao moja kwa moja mpaka Makao Makuu. Msichana ambaye majibu yake hayatafika ataandikwa hakuhudhuria, na asiyehudhuria hana nafasi ya kidato cha tano wala ya kurudia. Nafasi yake atapewa mtoto wa mkubwa.

Wazazi wa Mirefuni waliposikia hivyo walikuja na majembe. Walichimba mtaro toka kwenye mnara wa simu ulio sokoni, wakalaza waya wa buluu, wakaufukia kwa mikono. Wote walikuwa wametoka shamba, na hakuna hata mmoja aliyeuliza waya huo unakula nini. Kazi ilikwama hatua chache tu kabla ya maabara. Mkuu wa Shule, Bwana Chamwela, alikuwa ameotesha hapo Bustani ya Mgeni Rasmi, akakataa isiguswe hata kwa kijiko.

"Upitisheni juu," alisema. "Kwa muda."

Basi waya ukatoka ardhini, ukapanda nguzo ya baraza, ukakatiza mbele ya mlango wa maabara usawa wa kifua cha mtu mzima, ukaingia dirishani. Asteria aliwasha kompyuta ya kwanza. Tunu aliandika jina lake, akalituma, na Makao Makuu yakajibu: Limepokelewa. Wasichana walirukaruka mpaka vumbi likapanda.

"Basi inatosha," alisema Bwana Chamwela akifunga mlango kwa kufuli. "Haujazinduliwa huu. Mkiutumia sasa mtauchakaza."

*

Siku ya uzinduzi alikuja Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Ngwatu Makopa. Uprofesa wake ulikuwa wa heshima, na heshima hiyo alikuwa amejitunuku kwa unyenyekevu mkubwa. Nyuma yake lilifuata gari la mto, na nyuma ya mto alitembea Mkaguzi Mkuu wa Shule, Bi. Zamoyoni, mwanamke aliyesifika kwa kutocheka tangu ateuliwe.

Mkasi ulikuwapo. Utepe haukuwapo. Fungu lote la mwaka lilikuwa limenunua mikasi, na kila ofisa wa Idara alidhani utepe unaletwa na mwenzake. Mkurugenzi alishaanza kutokwa jasho pale Mheshimiwa alipofika mlangoni akasimama, kifua mbele, na mbele ya kifua chake, buluu, umekazwa vizuri, umekingama, ukawapo waya.

Mkurugenzi alishusha pumzi. Akatoa mkasi.

"Mheshimiwa, samahani, huo si—" alisema Asteria, kwa ile sauti yake.

"Kimya, mwalimu," alinong'ona Bwana Chamwela. "Usiniharibie."

Mheshimiwa akakata. Ulikuwa mgumu kidogo, akakata mara ya pili. Bendi ikapiga. Ndani ya maabara kompyuta zote zikaandika maneno yale yale: Hakuna mtandao.

"Uwii!" Tunu akapiga yowe. "Wameukata!"

"Anasema nini yule?" aliuliza Mheshimiwa.

"Anapiga vigelegele, Mheshimiwa," alijibu Bwana Chamwela.

Lakini Mheshimiwa aliona ncha ya waya inaning'inia, na nyaya ndogo za rangi zinachungulia toka ndani yake kama utumbo wa panzi. Wengine wangeona haya. Yeye hakufika pale alipofika kwa kuona haya. Alipanda jukwaani, akakohoa.

"Ndugu wananchi! Leo nimewakata minyororo! Kwa miaka na miaka mtoto wa maskini amefungwa kwa waya kama mbuzi. Nani alisema mtandao unahitaji waya? Wakoloni! Kuanzia leo, Mirefuni ni shule ya mtandao usio na waya, na mkasi huu umeleta hayo kwa sekunde moja tu!"

Makofi yalivuma. Wazazi waliochimba mtaro walitazamana, kisha wakapiga makofi pia, kwa sababu askari walikuwa wanapita kati ya viti kuona nani anapiga na nani anagusisha viganja tu.

*

Kabla wiki haijaisha hotuba ilikuwa sera. Idara ya Mikasi ilizunguka shule zote zenye mtandao ikizikata waya, na kila jioni redio ilitangaza wilaya iliyopiga hatua. Kila shule iliyokatwa ilipewa kisanduku cheupe chenye pembe mbili, kile ambacho mafundi hukiita rauta, pamoja na picha ya Mheshimiwa ya kuning'inizwa juu yake.

Kisanduku cha Mirefuni kiliwekwa ofisini kwa Bwana Chamwela, ndani ya kabati la chuma, mtandao usije ukaibwa. Taa yake ya kijani iliwaka mchana kutwa. Kisanduku chenyewe hakikuwa kimeunganishwa na kitu chochote duniani isipokuwa umeme.

"Bwana Mkuu, naomba radhi," Asteria alisema. "Kile kisanduku lazima kivutiwe waya toka kwenye mnara. Bila hivyo kinatangaza utupu. Na kabati la chuma linazuia hata huo utupu."

Bwana Chamwela aliweka kikombe chini. "Hebu rudia. Mtandao usio na waya unataka waya?"

"Ndiyo, Bwana Mkuu. Ni kisanduku tu ndicho kinachozungumza na kompyuta kwa hewa. Chenyewe kinalishwa na waya."

"Kwa hiyo Mheshimiwa ni mwongo."

"Sikusema hivyo."

"Umesema, ila umesema polepole. Sikiliza, mwalimu. Mimi nina mke na nimebakiza kidogo kustaafu. Taa inawaka au haiwaki?"

"Inawaka."

"Basi mtandao upo. Nenda kafundishe."

Alikwenda. Njiani aliinua ncha mbili za waya zilizokuwa zimelala kwenye baraza. Angeweza kuziunga kwa muda wa kunywa chai. Lakini tangazo lilikuwa limebandikwa pale juu ya nguzo: kuunga kilichokatwa na Mgeni Rasmi ni kumtengua Mgeni Rasmi, na adhabu yake ni ya mtu aliyepindua Serikali.

*

Mtihani ulipokaribia, Bi. Zamoyoni alikuja kukagua somo. Alikaa nyuma, miguu imebana, akaamuru wasichana walinganishe mitandao miwili. Jibu la Wizara lilishasambazwa: wa waya ni wa kizamani, mzito na wa kitumwa, usio na waya ni wa kisasa, mwepesi na wa Mheshimiwa. Wasichana waliliimba mmoja baada ya mwingine, macho yakiwa sakafuni. Ikafika zamu ya Tunu.

"Wewe ngongoti. Upi ni bora?"

"Shikamoo, Bi. Mkaguzi. Inategemea."

Bi. Zamoyoni alisimama kama mtu aliyekalia kaa la moto.

"Inategemea? Nani amekupa neno hilo?"

Tunu alitazama ubao. Hakumtazama mwalimu wake, na kwa jinsi alivyojizuia kumtazama, kila mtu akajua.

"Kumbe," alisema Bi. Zamoyoni, akimsogelea Asteria mpaka harufu ya poda yake ikamfika. "Kumbe ni wewe, kipanya. Unajikunyata kwenye vikao, unaomba radhi, kumbe huku unawafundisha watoto inategemea. Leo mtandao unategemea, kesho Serikali itategemea, keshokutwa na mimi je?"

"Ni somo tu, Bi. Mkaguzi."

"Hakuna somo tu. Wewe umesoma chuo, wamekulisha kwa kodi, na shukrani yako ni kuwatia watoto wa watu shaka? Ningekuondoa leo. Sikuondoi, kwa sababu nataka uwepo siku ya mtihani, uone wasichana wako wanavyoandikwa hawakuhudhuria wakiwa wameketi mbele yako. Halafu uwaambie wazazi wao inategemea."

Alipotoka, Asteria aligeuka akaanza kufuta ubao.

"Madam," alisema Tunu, "nimekuponza."

"Hujaniponza, mwanangu. Ila siku ya mtihani andikeni wanavyotaka. Wote. Wapeni jibu lao mpite."

"Na lile letu?"

"Lile mnalijua. Linatosha mkilijua."

Tunu aliuma mdomo. "Sasa umetufundisha ili tufiche?"

Asteria akaomba radhi.

*

Asubuhi ya mtihani, wasichana walipokuwa mstarini wakiimba wimbo wa Wizara wa kuusifu mkasi, Asteria alivua kanga aliyojitanda, akaitupia juu ya ncha za waya kama mtu anayeanika. Chini ya kanga akazimenya kwa wembe, akasokota rangi kwa rangi, akazungushia ule utepe mweusi wa mafundi umeme. Kiungo kilikuwa kibaya. Angemwona mwanafunzi amefanya vile angempa nusu ya alama. Lakini maandishi ya Hakuna mtandao yalifutika kwenye kompyuta zote, na yeye akabaki amesimama pale pale mlangoni, bega lake likiishikilia kanga isipeperuke, mpaka mtihani ukaisha.

Bwana Chamwela alipita mara moja. Aliitazama kanga, akamtazama yeye.

"Unaanika sasa hivi?"

"Naomba radhi, Bwana Mkuu. Ilikuwa mbichi."

Akaenda zake haraka kwenda kuitazama taa ya kijani.

Ndani, swali la kwanza lilisema: Mtandao usio na waya ni bora kuliko wa waya. Eleza ubora huo kwa furaha. Wasichana wakaeleza kwa furaha. Sifa za hewa zikatoka vidoleni mwao, zikaingia kwenye waya wa buluu, zikapita chini ya kanga, zikapita kwenye mtaro wa wazazi wao, zikafika Makao Makuu salama.

*

Huko Makao Makuu walikuwa wameandaa sherehe ya ushindi. Ilipofunguliwa orodha ya taifa, shule zote zilizokatwa zilikuwa sifuri. Nchi nzima haikuhudhuria. Ilibaki shule moja tu ambayo wasichana wake wote walifika, tena wamefaulu: Mirefuni.

Hapo ndipo Asteria alipokamatwa. Ushahidi ulikuwa wazi. Majibu yamefika, na kisichounganishwa hakifiki, kwa hiyo ameunga. Bi. Zamoyoni ndiye aliyepiga hesabu hiyo, na ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Wizara kukiri kwamba anajua waya unafanya kazi gani.

Walimketisha kwenye stuli isiyo na mguu mmoja. Mheshimiwa aliingia akiwa anakula karanga.

"Ndiwe kipanya? Nilidhani ni mtu mkubwa." Akatema ganda. "Umenitukana, lakini sikufungi. Unajua kwa nini? Nikifuta matokeo ya Mirefuni, sina hata mtoto mmoja aliyefaulu nchi nzima, na wafadhili wanakuja. Kwa hiyo yale majibu yalipita hewani. Utasema wewe mwenyewe, mbele ya wazazi."

"Na nisiposema?"

"Hawakuhudhuria," alidakia Bi. Zamoyoni. "Wote. Warudi wakaolewe."

"Kuna mmoja tu ametutia doa," alisema Mheshimiwa. "Tunu nani sijui. Wenzake wamefurahi, yeye kaandika inategemea, ukurasa mzima, na uzi, na makopo. Huyo atasimama arekebishe jibu lake kwa mdomo, mbele yangu. Akikataa, nawafuta wote."

Asteria aliinama. Aliwaza habari ya ukurasa ule mzima. Hakuna aliyewahi kumwandikia ukurasa mzuri kama huo, na hakuruhusiwa kuusoma.

"Nitasema," alisema.

*

Wakakusanywa uwanjani wazazi, wasichana, bendi na gari la mto. Kisanduku cheupe kililetwa kimevishwa shada la maua. Ile taa ya kijani ilikuwa imezima, kwa kuwa uwanjani hapakuwa na umeme, lakini Mheshimiwa aliielekezea mkono akasema tazameni inavyowaka, na watu wakaiona inawaka.

Asteria akapandishwa jukwaani. Chini yake mstari wa mbele walikaa wazazi, na baadhi yao kucha zilikuwa bado na udongo wa shambani.

"Majibu," alisema, "yalipita hewani."

"Hawajakusikia, mwalimu!"

"Majibu yalipita hewani!"

Lilikuwa jambo la kwanza maishani mwake kulisema mbele ya hadhara bila kuomba radhi.

Kisha akaitwa Tunu. Alipanda ngazi, sketi yake imepigwa pasi mpaka inang'aa, akasimama wima kati ya Mheshimiwa na Bi. Zamoyoni. Alikuwa amewapita wote wawili kwa urefu.

"Haya, binti," alisema Mheshimiwa kwa upole wa kipaza sauti. "Kwenye mtihani ulikuwa na homa kidogo. Sasa umepona. Waambie wananchi: upi ni bora?"

Tunu alimgeukia Asteria. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama darasani akiwa na swali, kichwa upande, akisubiri. Nyuma yake wenzake walikuwa wameshikana mikono, na mmoja wao alishaanza kulia kwa woga.

Asteria alikubali kwa kichwa. Kidogo tu, kiasi ambacho ni mwanafunzi wake tu angekiona.

"Usio na waya, Mheshimiwa," alisema Tunu.

Bendi ikajiandaa. Mheshimiwa aliinua mkono kuizuia. Alikuwa anajisikia vizuri, akataka zaidi.

"Vizuri sana! Na tuambie basi, kwa nini ni bora?"

Tunu alifikiri. Sababu zote alikuwa nazo, za waya na za hewa, za kasi na ukuta na usalama, zimepangwa vizuri kichwani. Alizitazama, akaziacha pale.

"Kwa sababu mwalimu amesema," akajibu.

"Jibu sahihi!" alisema Mheshimiwa.

Uwanja mzima ukavuma kwa makofi. Asteria naye alipiga, maana Bi. Zamoyoni alikuwa anamtazama mikono.